Picha Tatu Chumbani Mwangu

Mwanangu alipostaafu benki nilidhani atafuga kuku. Yeye akaamua kuwa mkusanyaji wa sanaa. Kuku angalau ukiwafukuza wanatoka.

Alianza na vitabu vinene kama matofali, kisha masomo ya kwenye simu. Tukikaa mezani tunafundishwa. Chai inapoa, yeye anatueleza wachoraji wa kale walivyoacha rangi za udongo wakashika za mafuta, na nani alinuniana na nani. Akaniambia picha isiyo na nasaba haina bei sokoni, lazima ijulikane imetoka kwa nani ikaenda kwa nani. Nikamwuliza, "Na bibi mzaa baba yako aliitwa nani?" Akaanza kukohoa.

Siku moja akasoma kwamba jua linakula rangi. Vyumba vyote vya nyumba hii vinapigwa na jua isipokuwa changu. Basi akaja na nyundo, akanitundikia picha tatu. Ile kubwa ikakaa juu ya kitanda: ng'ombe wawili, au mlima uliolala, inategemea umesimama wapi. Zikafuata amri. Dirisha lisifunguliwe. Ubani usichomwe.

"Na jitahidi, mama, usipumulie upande ule."

"Nipumulie wapi, baba? Mfukoni?"

Nilivumilia. Ila nikamsikia akimwambia mkewe kwamba dalali wa picha akija na kuthibitisha ile kubwa ni halisi, chumba chote kitakuwa stoo yenye kufuli, na mimi nitahamia kile kichumba cha pampu ya maji. Nimelala hapa tangu nifiwe na mume wangu. Kwenye dirisha hili naiona barabara nzima: nani kanunua godoro, nani karudishwa kwao na masanduku. Pampu itanisimulia nini?

Dalali akaja na tochi ndogo na kioo cha kukuzia. Akamulika saini, akakagua misumari ya fremu, akawa anaitikia kwa kichwa. Mwanangu anatabasamu mpaka masikioni. Kisha dalali akaigeuza picha, akasogeza pua kwenye turubai. Akanusa. Akanusa tena.

"Mzee, umesema ilichorwa lini?"

"Miaka hamsini iliyopita."

"Ya miaka hamsini hainuki tapentaini ya kuyeyushia rangi namna hii. Rangi hii imechanganywa juzi. Wamekuuzia bandia."

Mwanangu akaketi kitandani kwangu bila hata kuomba. Nikajua kabisa, nikinyamaza picha zinatoka na chumba kinabaki changu. Nikanyamaza kidogo, na sifichi, ilikuwa raha. Halafu nikamwona anaviringisha pindo la shati kwa vidole, vilevile alivyokuwa akifanya alipofeli hesabu. Ananichosha mtoto huyu, hata kumkomoa hakukamiliki.

Nikatoa chupa chini ya mto, nikapandisha gauni, nikaanza kuchua magoti. Chumba kikajaa harufu. Dalali akapiga chafya.

"Bibi, hiyo ni nini?"

"Dawa ya kuchua. Soma mwenyewe, macho yangu yaliishia darasa la saba."

Akasoma kibandiko. Kwenye orodha ya vilivyomo, tapentaini ilikuwa ya kwanza.

"Unajipaka mara nyingi?"

"Kila nikitaka kulala. Mkono ukibaki na mafuta naufuta pale nyuma ya picha. Kitambaa kizuri kile, kinanyonya."

"Mama," akasema mwanangu.

Dalali akairudia picha, akapekua nyuzi na kingo za rangi, muda mrefu. "Basi ni halisi," akasema. "Lakini itoke humu leo hii. Mvuke huu utaimaliza kabla ya hilo jua."

"Kwa nini asitoke mama?"

"Harufu imeshaingia ukutani, mzee. Humu hapafai kuhifadhi kitu."

"Isipokuwa mimi," nikasema, nikafungua dirisha.

Picha zikahamia chumbani kwao. Sasa mapazia hayafunguliwi mchana kutwa, mkwe wangu haruhusiwi manukato, na akilala anaambiwa ageukie ukutani.

Jana mkwe wangu akaja kwangu polepole, akaketi ukingoni mwa kitanda, akatazama barabara kwanza.

"Mama, ile dawa ya kuchua inauzwa wapi?"

"Kwani magoti yanakuuma, binti yangu?"

"Bado," akasema.

Nikamsogezea chupa.