Aliyekosea Ndiye Anayeuliza

Mwanangu Yordanis alirudi kutoka Tampa na mabegi matatu, dawa zangu za presha, na kahawa ya kopo, kana kwamba Kuba hatujui kahawa. Siku ya pili akachukua simu yangu. Aliponirudishia, alikuwa anatabasamu.

"Mama, nimekusafishia imeili. Lilikuwa jalala! Nimefuta zote, na nimekutoa kwenye vile vikundi."

"Nani kakutuma?"

"Nani anasoma imeili siku hizi? Nitakuwekea video, utatazama tu, hata miwani huhitaji."

"Video gani we mtoto, na mtandao huu? Zinazunguka tu mpaka usingizi unichukue!"

Damu ilinichemka. Vikundi vyenyewe vya barua pepe vilikuwa vichache, na kimoja nilikipenda kupita vyote: Kwa Nini. Kila Jumanne mtu mmoja anatuma swali, na watu kutoka Meksiko mpaka Chile wanajibu. Mwenye swali ndiye hakimu, hapingwi. Na aliyekosea vizuri kuliko wote ndiye anayeuliza Jumanne inayofuata. Humo nilijifunza kwa nini tone la kahawa likikauka huacha pete, nikagombana na mwokaji wa Puebla kuhusu hamira, nikacheka peke yangu jikoni umeme umekatika. Barua ya maneno matupu hupenya hata mtandao ukiwa hoi.

Na Jumanne hii ilikuwa zamu yangu! Nilikuwa nimekosea vibaya sana habari za kitunguu, hakimu akanichagua. Swali langu lilikuwa tayari: kwa nini maji ya mtungi wangu uani yanabaki baridi hata Agosti. Mtoto wa kumzaa mwenyewe akanifungia mlango.

Nikamwandikia Mzee Evaristo wa Uruguay, msimamizi wetu, anirudishe. Akanirudisha mara moja, ikaja barua: "Karibu tena, Nereida. Nani kakufukuza?" Nikadhani ananiuliza mimi peke yangu. Basi nikajibu na hasira zangu zote:

"Ni huyu mwanangu. Kaondoka miaka kumi na moja, karudi, kakuta nina maisha, kayaita uchafu. Hivi kwa nini mtu akienda mbali huamini aliowaacha walikaa tu wakimngoja?"

Muda si muda Evaristo akaandika: "Wenzangu, swali la Jumanne ndilo hilo. Jibuni."

Yordanis alisoma begani kwangu akapiga ukelele. "Mama! Umetuma kwa wote! Umenianika nchi nzima!"

"Nchi nyingi, mwanangu."

"Waombe radhi, sema umekosea kubonyeza."

"Kubonyeza nimekosea. Maneno sikukosea. Siombi radhi mtu."

Majibu yakaanza kuingia, nikayasoma kwa sauti makusudi. Mwokaji wa Puebla aliandika: "Kwa sababu kwenye simu tunawaambia kila siku tunawangoja." Hilo lilinichoma mwenyewe, nalisema wazi. Dereva mmoja wa Guayaquil aliandika: "Mwana huyo ni mimi. Nililitupa jalalani jiwe la mama la kusagia, nikamletea mashine. Mpaka leo hajaiwasha."

Yordanis akatoka uani, akakaa kando ya mtungi. Nilimwacha. Sikumfuata na kahawa, sikumwita mwanangu mpenzi. Baadaye akauliza bila kunitazama:

"Mtu anajiungaje na hicho kikundi chenu?"

"Muombe Evaristo. Na uombe kwa adabu, maana wewe unajulikana tayari."

Kabla ya chakula cha jioni simu ikalia. Barua ilikuwa fupi:

"Jina langu Yordanis, mwana mwenyewe ndiye mimi. Nadhani aliyeondoka huamini hivyo kwa sababu, kama hawakuwa wakimngoja, basi hana tena pa kurudi."

Nilivua miwani nikaifuta. Alikuwa amepatia. Katika majibu yote, hakuna lililopatia kama hilo, na kila mtu kikundini angeliona. Alikuwa bado kaketi pale uani, simu mkononi, anangoja. Tiketi yake ya kurudi Tampa ilikuwa ya Ijumaa.

Lakini hakimu ni mimi, na hakimu hapingwi. Nikawaandikia wote, safari hii kwa kukusudia:

"Umekosea, Yordanis. Umekosea kuliko wote. Jumanne ijayo unauliza wewe."