Stoo ya Makufuli Mawili

Tegua hiki kwanza: nyumba ya wake wawili, mmoja akikosekana mwenzake haingii ndani. Umeshindwa? Nipe mji, basi. Bwera? Haya, nimefika Bwera, nimekula, nimeshiba. Jibu ni stoo ya viazi ya Feresita na Emérance.

Mlango wake ulikuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja alikaa nao Feresita, hapa Bwera, upande wa Uganda. Wa pili ulikuwa wa Emérance, Mkongomani aliyenunua viazi Butembo na kuvivusha. Hakuna aliyefungua bila mwenzake, na hawakuwahi kugombana hata kwa kiazi kilichooza.

Halafu ugonjwa ukazuka ng'ambo, mpaka ukafungwa, na Emérance alikuwa amekwenda kwao kumzika shangazi yake. Simu yake haikupatikana. Feresita alipoweka pua kwenye ufa wa mlango, alinusa ile harufu ya udongo mtamu ambayo kila muuza viazi huiogopa. Vilikuwa vinaanza kuchipua.

Bei nayo haikutulia. Asubuhi wabadilishaji fedha walisema mpaka utafunguliwa Jumatatu. Mchana watu wa bodaboda waliapa kwamba hata Krismasi haitatosha. Ukifunguliwa, viazi vitashuka bei kama maji ya mlimani. Usipofunguliwa, mwenye gunia ni mfalme. Katikati ya maneno hayo akaja Asiimwe na lori tupu. Alikuwa akipeleka chakula kwa vibarua wa saruji kule Kasese, na alitaka gunia kwa elfu sabini, bei isiyorudisha hata nauli. Alidai malori hamsini ya viazi yamepanga foleni ng'ambo, yanangoja geti tu.

"Nakuonea huruma, Mama," alisema. "Saa saba nageuza lori."

Kuvunja kufuli la mwenzio bila ruhusa ni kumwita mwizi akiwa hayupo. Feresita akashuka mtoni, mahali ambapo watu waliotenganishwa na mpaka huenda kuitana. Asiimwe akamfuata kama mkia, masikio wazi.

Afande aliyesimama ukingoni aliwaonya: mdomo ruhusa, kitu hapana. Hakuna kurusha, hakuna kupokea. Ng'ambo, kati ya vitenge vingi, Feresita akamwona Emérance. Alikuwa amekonda.

Sasa angeulizaje habari za malori? Kama yapo kweli, Asiimwe angesikia na bei ingekufa pale pale. Akamwita mwenzake kwa jina la mwanawe, akauliza swali la jikoni.

"Mama Chérie, watoto wanakula nini huko?"

"Bukari na sombe, Mama Baluku, kila siku. Kiazi, batoto bamesahau iko na rangi gani."

Feresita akalitafuna jibu lile: ugali na kisamvu tu, kila siku. Kama kweli malori hamsini ya viazi yangekuwa yamekwama getini juani, madereva wangevigawa bure kabla havijaoza, na watoto wa Emérance wangekuwa wamevichoka. Basi hakuna malori. Akageuka taratibu kumtazama Asiimwe, naye ghafla akapata kazi ya kufuta tope kiatuni.

Ndipo akaomba ruhusa aliyoijia, ya kuvunja kufuli. Emérance hakusita.

"Yangu, vunja. Batu bote beko hapa ni mashahidi. Na usiuze kama mujinga."

Hata afande alicheka.

Nyundo ikafanya kazi yake. Viazi vilikuwa vimetoa macho, lakini vigumu bado. Asiimwe akataja laki moja. Feresita akasema laki mbili. Asiimwe akapanda lori, akawasha injini. Feresita alisimama mlangoni akilitazama, maana lile likienda kweli, lingine halipo. Lori likasogea hadi kona ya kwenda hospitali. Likasimama. Likarudi kinyumenyume.

Wapagazi wakaanza kupakia. Feresita alitaka kufurahi, lakini kila gunia lililotoka lilimrudisha kule mtoni: kilichomwokolea bei ni njaa ya watoto wa mwenzake. Lilipobaki gunia moja, akalikalia.

Asiimwe akasema lori bado lina nafasi. Akaongeza elfu hamsini. Akaongeza tena.

"Hili haliuzwi, mwanangu. Siku geti likifunguliwa, ndilo la kwanza kuvuka."

"Litaoza, Mama."

"Likioza, nitaweka jingine."