Upande wa Mgonjwa

Mama alifundisha somo la dini maisha yake yote ya kazi, na figo zake zilipogoma, yeye hakugoma kusahihisha watu. Aliyebaki wa kusahihishwa ni mimi. Nilikuwa nimeanguka mara mbili katika mtihani wa maadili ya Kikristo, na chuo kilishasema safari hii ndiyo ya mwisho. Basi kila alasiri ambayo kaka hakumpeleka hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, nilikaa kwenye stuli kando ya kitanda chake, akaniuliza maswali. Mkono wenye bandeji aliulaza juu ya mto. Ule mwingine aliupunga kila nilipokosea.

"Wewe una kichwa kigumu," alikuwa akiniambia. "Unang'ang'ania upande mmoja kama kupe. Mtahini anataka pande zote mbili."

Siku hiyo akanipa swali: Je, Mkristo aliye mgonjwa anaweza kukataa matibabu yanayomrefushia maisha?

"Tetea upande wa mgonjwa," akasema.

Sikulipenda swali lenyewe. Lakini mimi nikichokozwa nabishana hata na ukuta, tena nilitaka aone kwamba nimesoma. Nikaanza. Kwanza, uhai ni zawadi ya Mungu, ila wenyewe si mungu wa kuabudiwa. Pili, kuua ni jambo moja, na kuacha kifo kije ni jambo jingine. Tatu, anayekataa mashine hajiui. Anakiri tu kwamba yeye ni kiumbe, na kiumbe ana mwisho wake. Hiyo ya tatu haikuwa ya kitabu, niliitunga papo hapo. Ikaninogea mpaka nikairudia kwa sauti ya mhubiri.

Mama hakupunga mkono. Alinitazama kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona usoni pake tangu augue.

"Umefaulu," akasema. "Hiyo ya tatu nimeitafuta siku nyingi, nikakosa maneno yake. Mwambie kaka yako kesho asilete gari. Wala siku nyingine yoyote."

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mama yangu.

"Mama, hayo ni majibu ya mtihani tu."

"Najua. Si mimi niliyeuliza?"

"Basi niulize upande wa pili."

"Haya, tetea."

Nikasema mwili ni hekalu la Roho. Akasema hekalu hili linavuja kila pembe. Nikasema mateso yana thamani mbele za Mungu. Akaniuliza, mateso ya nani? Nikasema Mungu anaweza kumponya.

"Bila mashine hawezi?"

Nilipekua kitabu, kurasa zikanichanganya, machozi yakadondokea maandishi. Mwishowe nikakitupa sakafuni.

"Mimi bado nakuhitaji," nikasema. "Usiniache, mama. Nakuomba."

"Hiyo haimo kitabuni," akasema, akinifuta uso kwa ncha ya shuka. "Na bado ningeipa alama zote. Ila huo ni upande wako, mwanangu. Mimi nilikuuliza upande wa mgonjwa."

Akanisogezea simu. Nikapiga. Kaka akapokea akicheka na watu wake huko kazini, akaniuliza kesho aje saa ngapi kumchukua mama.