Banda la Mbao za Mfenesi

Zulekha alipokwenda kisiwani Fundo kumuuguza shangazi yake, mumewe Jabir aliona amepata nafasi. Ngawa alikuwa amewamaliza kuku wao pale Madungu, na kila asubuhi mkewe alikuwa akiokota manyoya uani huku akinung'unika. Jabir, mwalimu aliyestaafu, alitaka mkewe arudi akute banda.

Aliezeka bati, akawamba waya madirishani, akakata madumu ya mafuta ubavuni na kuyatandika maranda ya mbao yawe viota. Bawaba na komeo alizipata kwa Burhan, mwenye duka la vyuma. Kilichopungua ni mbao za nguzo na za kulalia kuku. Ndipo alipoikumbuka samadari, kitanda cha kizamani cha kuchonga kilichokuwa ghalani vipande vipande, kimejaa vumbi, mguu wake mmoja, yaani tendegu, umeliwa na mchwa. Mbao za mfenesi, ngumu, za manjano. Alizipiga msumeno akifurahi jinsi zisivyopasuka kwa misumari. Kisha akatia tetea wapya ndani.

Zulekha alirudi na uso mkunjufu. Shangazi alikuwa amepata nafuu. Jabir alimshika mkono mpaka uani.

"Tazama, Mama Yumna! Ngawa na aje sasa."

Zulekha akacheka. Akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akaingiza kichwa. Mara vidole vyake vikakwama juu ya nguzo, penye nakshi ya maua iliyokatwa katikati.

"Mbao hizi umezitoa wapi?"

"Ghalani. Ile samadari mbovu."

"Mbovu?" Aliuondoa mkono kwenye nguzo. "Baba Yumna, kile kitanda cha mama. Mie nimezaliwa juu yake. Nilikuwa namngoja fundi atie tendegu, Yumna akiolewa aende nacho."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza? Si kila siku tukizungumza kwenye simu?"

Jabir alikuwa amenyamaza makusudi, asije akaiharibu furaha aliyomwandalia.

Asubuhi alizing'oa mbao, akawafungia kuku jikoni, akazipeleka Gombani kwa Pandu, seremala. Pandu alizipanga chini, akazigeuza, akatikisa kichwa.

"Kuunga nitaunga, Mwalimu. Lakini kitakuwa viraka vitupu, na uzito wa watu wawili hakitaubeba."

Jabir alirudi nazo. Zulekha alikuwa jikoni, kuku wamemzunguka miguuni.

"Zirudishe bandani," alisema bila ya kumtazama. "Kuku hawa wamekosa nini?"

Akazipigilia upya, msumari baada ya msumari, na safari hii kazi haikumpa raha yoyote.

Binti yao Yumna aliolewa mwezi wa Shaabani. Kitanda kilitoka dukani, kinang'ara, na mwenyewe alikipenda. Mama yake hakuwahi kumwambia habari ya kile kingine. Siku ya kupamba chumba, Jabir alimkuta Zulekha peke yake, anatandika shuka, sahani ya asumini iko pembeni.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nilishakusamehe zamani," Zulekha alijibu. "Lakini kuumia, bado naumia."

Jabir alisimama mlangoni, asijue aondoke au aingie. Mwishowe akaishika ncha ya pili ya shuka, wakaivuta pamoja.