Uji wa Vifaranga

Mteja alitua ndoo mlangoni kwa kishindo. Ndani, vifaranga wa samaki tuliomuuzia walizungukazunguka kama walevi, migongo imepinda kama ndoana.

"Samaki hukunjwa angali mbichi," alisema, "lakini nyie mmezidi!" Akaondoka bila kuaga.

Kaka alicheka. Mimi nilikuwa nikimtazama mteja akiishia. Huyo ndiye mteja wetu wa mwisho.

"Mbegu mbaya," kaka alisema, akiwanyooshea kidole vifaranga. "Leo inakuja nyingine."

"Si mbegu, kaka. Ni huo uji wako."

Kila siku kaka huchemsha maji, akayamimina juu ya chakula cha vifaranga, akakoroga. Eti mtoto hapewi kikavu. Mwalimu wetu wa darasa la jioni alituandikia ubaoni: vitamini C huharibiwa na joto, na kifaranga akiikosa, uti wa mgongo hupinda. Nilinakili neno kwa neno. Nilimsomea kaka mara tatu.

"Mwalimu wako amewahi kufuga hata kuku?" aliuliza. "Umeanza shule na mvi kichwani, sasa unanifundisha kazi? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Hawa wamevunjika mgongo. Na mkuu ni wewe."

Mchana vifaranga wapya waliletwa, elfu mbili, wembamba kama sindano. Tukawamimina kwenye tangi. Nilipogeuka, kaka alikuwa ameshabandika sufuria jikoni. Ndoo ya waliopinda bado iko mlangoni, naye anapuliza moto!

Nikaomba kimoyomoyo: Ee Mungu, nizuie ulimi. Mungu akanizuia ulimi. Mikono sikuitaja. Niliipua sufuria nikayamwaga maji yote uani.

"Umerogwa?" kaka alifoka. "Mkubwa hapa ni nani?"

"Wewe. Lakini hawa hawali uji."

Nilichota chakula kikavu, nikakisaga kwa vidole, nikanyunyiza kidogo juu ya maji. Wakapanda, wakadonoa.

"Wakifa utasema nini?"

"Nitasema nimekosea, kaka. Wewe neno hilo hujalisema hata leo, na ndoo umeiona."

Kaka alichukua sufuria, akaenda bombani kuijaza tena. Nikafunika tangi kwa ubao, nikafumbata kopo la chakula kifuani, nikakaa juu ya ubao huo. Nilikuwa na hasira hata sala ilikataa kutoka.

"Shuka," alisema aliporudi.

Sikushuka.