Ukuta wa Anyesi

Mvua ya mwaka huu ilikuwa haba, lakini ilitosha kuvujisha tembe la Loisi na kubandua udongo wa ukuta wa ndani. Chini ya udongo ule wakatokea watoto sita weupe, wamechorwa kwa majivu na chokaa ya mtoni, wameshikana mikono. Pembeni alisimama wa saba, mwekundu. Loisi alikaa chini. Yule mwekundu ni yeye.

Mama yake, Anyesi, alizika watoto sita, na kila alipozika alichora, maana picha ya kamera angeipata wapi? Watu wakasema mwanamke huyu anafuga wafu. Naye alipokufa, shangazi alimpa Loisi, mtoto wa miaka tisa, ndoo ya udongo na mavi ya ng'ombe, akamwamuru ausiribe ukuta ule, matanga yaishe. Loisi akasiriba. Alianza na nyuso. Tangu siku ile jina la Anyesi halikutajwa, wala mtoto yeyote wa ukoo hakupewa.

Sasa alimpigia mjukuu wake Devota, anayekaa mjini, Area D, na kufanya kazi ofisi ya mambo ya kale. Simu ya Loisi ni ya kitochi, haipigi picha, akaeleza kwa mdomo. Devota akamsihi asiguse kitu. Jumamosi angekuja na mtaalamu, na jina la mchoraji lingeandikwa. Neno hilo, kuandikwa, Loisi alilala nalo akaamka nalo.

Ila Loisi hakumweleza Angelina, mke wa mwanawe, habari za picha zile. Aibu ya kuitwa mtoto wa mchawi haizeeki. Alimwambia tu kwamba wageni watakuja kutazama nyumba, kisha Jumamosi alfajiri akaenda sokoni Kibakwe kutafuta jogoo wa wageni.

Aliporudi, harufu ya udongo mbichi ilimpokea mlangoni. Ukuta ulikuwa laini kama kibuyu. Angelina, tope hadi viwikoni, alisimama akingoja kusifiwa.

"Mama, wageni wangekuta yale madoa wangesema una mkwe mvivu. Nimeyasugua kwa maji kwanza, ndipo nikasiriba."

Mgeni hapokelewi kwenye ukuta uliobanduka. Ni Loisi mwenyewe aliyemfundisha hivyo. Akamkabidhi jogoo.

Mtaalamu aliyekuja na Devota, kijana wa Kondoa aitwaye Mudrick, alimwamkia Loisi shikamoo, akautazama ukuta. Loisi akabonyeza kidole kwenye tope: hapa Stanley, hapa Denis, hapa Petro, hapa Obedi, hapa wale pacha. Mahali pake mwenyewe hakupagusa.

"Bibi," Mudrick alisema taratibu, "mimi huandika ninachokiona."

"Basi andika jina lake tu, baba."

Mudrick alifunga daftari bila kuandika. Devota alikuwa ameshatoka nje, analia. Jogoo akaliwa, wageni wakaondoka.

Angelina alileta tope kwenye sahani, azibe yale matundu sita.

"Usizibe," Loisi alisema. "Huyo unayetaka kumziba ni Stanley."

Angelina akabaki amesimama, tope likimkaukia vidoleni, akingoja asikie yaliyobaki.