Nyundo Ukumbini

Mpigaji kinanda alifika ukumbini saa tano asubuhi, akamkuta mdogo wake yuko jukwaani tayari, kichwa kimezama ndani ya kinanda, akikaza nyuzi moja moja. Kilikuwa harpsikodi, kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hazigongwi kama za piano. Hudonolewa na vijino vidogo. Mdogo mtu alikuwa fundi wa vinanda, na hicho alikiunda kwa mikono yake miaka minne. Watu walimwita Sikio.

Miezi saba kabla ya siku hiyo, mume wa mpigaji alimbana mkono kwenye droo ya kabati, akaisukuma kwa goti mpaka vidole viwili vikavunjika. Mpigaji aliondoka na nguo alizovaa. Vidole vilipounga, alianza mazoezi upya kama mtoto. Mume akatuma ujumbe: siku atakayopiga tena mbele za watu, watakutana hapohapo.

Sikio alitaka wamwonye mlinzi wa mlangoni. Dada yake alikataa, akasema mbwa abwekaye haumi. Sikio akamjibu kuwa huyu alishauma.

Saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa. Ulikuwa muziki mtupu wa Baroki, ule wa Ulaya ya zama za vinanda hivyo. Kipande cha tatu kilikwenda mbio, mikono miwili ya mpigaji ikipishana na kukanyagana kama watu wanaogombania mlango. Hapo ndipo mume alipoingia. Alikuwa amevaa suti, na watu wakampisha wakidhani amechelewa. Alipopanda jukwaani akatoa nyundo ndani ya koti.

Pigo la kwanza lilitua kwenye vibonyezo, pale ulipokuwa mkono wa mkewe sekunde moja kabla. La pili likazama kwenye nyuzi. Zikakatika kwa mlio mkali, mmoja ukamchana mpigaji shavuni. Watu hawakuinuka, wengine walikiri baadaye kwamba walidhani ni sehemu ya onyesho.

Sikio alitoka mbio nyuma ya pazia, akaushika mkono wenye nyundo.

"Shemeji, weka chini. Tafadhali."

Mume akaunasua mkono na kumpiga begani. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Sikio alianguka chali, na nyundo ikainuka tena, safari hii juu ya kichwa chake.

Mpigaji akauchomoa mti uliokuwa umeshikilia mfuniko wa kinanda. Mfuniko ukaanguka kwa kishindo. Akampiga mumewe shingoni, kisha usoni. Nyundo ikamtoka mkononi, naye akapiga magoti, damu ikimchuruzika kwenye shati. Yalikuwa yamekwisha. Lakini mpigaji alimpiga tena, mdomoni, na meno yakatawanyika sakafuni.

"Dada, basi," Sikio alisema akiwa bado chini. "Ameshaanguka."

Alimsikia vizuri kabisa. Akapiga mara mbili zaidi, la mwisho likatua jichoni, ndipo watu wakamkamata mikono.

Mume alipoteza jicho hilo, akafungwa miaka sita. Mpigaji naye alishtakiwa kwa yale mapigo ya mwisho. Wakili wake alimshauri aseme kuwa woga ulimpofusha. Hakimu alipomuuliza, alisema hivi:

"Mawili ya kwanza nilikuwa namwokoa mdogo wangu. Mengine yalikuwa yangu."

Wakili alifumba macho. Hakimu alimpa kifungo cha nje cha mwaka mmoja.

Sikio hakukasirikia bega, ingawa mkono wake wa kulia haupandi tena juu ya kifua. Alichokasirikia ni dada yake kukataa mlinzi aonywe. Walikaa majuma tisa bila kusalimiana. Kisha akampigia simu dada yake, akamwambia kwa mkato kwamba hawezi kuvuta nyuzi mpya kwa mkono mmoja.

Sasa kila Jumanne dada huenda kwenye karakana ya Sikio. Hufanya kazi bila maneno mengi. Mke wa Sikio akimuuliza mumewe kama wamepatana, hujibu kuwa bado, ila amwekee wifi yake chakula.